Askari Aliyeuliza Mara Tatu

"Mtu akiua kwa kutumwa, damu inamdai nani, aliyetuma au aliyetumwa?"

Babu aliniuliza hivyo asubuhi ya Jumamosi, kesho yake Pasaka, akiwa ameinama juu ya ubao wa msonobari, randa mkononi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Iringa mjini na nilikuja nyumbani, kijiji kimoja karibu na Mafinga, kwa likizo fupi. Jibu sikuwa nalo. Ningesema hivyo tu, "Babu, sijui," leo nisingekuwa na la kuandika.

Babu alikuwa fundi seremala. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyachonga yeye, pamoja na ule ubao mrefu mbele ya madhabahu ambao watu hupigia magoti wakati wa Meza ya Bwana. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuupigia magoti. Kila Jumapili ya ushirika, watu wakianza kusogea mbele, alibaki kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kofia mapajani. Kanisa halikumtenga. Hakuwa mlevi wala hakuwa na mke wa pili. Nyumbani tulijua tu kwamba ujanani alikwenda Vita vya Kagera, na kwamba tangu aliporudi alikaa benchi lile. Ukimwuliza habari za vita alikusimulia matope, na ndizi walizokula mpaka wakazichukia, basi.

Kwetu Walutheri wa pale kulikuwa na utaratibu ambao wakati ule niliuona wa kizamani. Anayetaka kushiriki hujiandikisha kwa mzee wa kanisa siku chache kabla. Mzee wa kanisa, ambaye kwetu alikuwa mama mmoja jirani, huandika jina kwenye daftari na kumwuliza mtu swali moja: una ugomvi na yeyote? Kama unao, unakwenda kwanza kupatana, ndipo unarudi. Nimeshaona watu wakivuka mabonde mawili Ijumaa Kuu kwenda kuomba radhi kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi.

Sasa babu alikuwa ananiuliza swali, na mimi nilikuwa natoka kusoma somo la maadili na dini, kichwa kimejaa.

"Inategemea, babu," nikaanza.

"Mke mdogo ameanza," alisema. Ndivyo alivyoniita kwa utani tangu nikiwa mtoto. "Haya, nifundishe. Bibi yako hakwenda chuo."

"Nawasikia," bibi alisema kutoka jikoni. "Huyo mume wako hajanywa chai tangu alfajiri. Mfundishe hilo kwanza."

Tulicheka wote. Kisha nikamfundisha kweli. Nilimwambia kuwa Wakristo wa mwanzo wengi walikataa kushika silaha, halafu baadaye, dola ilipokuwa yao, wakatafuta masharti ya vita ya haki: vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya kweli, visiwaguse wasio na silaha. Kwa masharti hayo, nikasema, nchi yako ilivamiwa, wewe ulitumwa na serikali, huna hatia. Niliona bega lake likilegea kidogo. Hapo ndipo ningenyamaza.

Ila sikuyaamini masharti yale. Niliyaona ni sabuni ya wakubwa. Kwa hiyo nikaendelea.

"Lakini Wabudha, babu, hao hawajifichi. Wao wanasema tendo linamfuata aliyelitenda, na kinachopimwa ni nia iliyokuwa moyoni wakati wa kutenda. Amri ya mtu mwingine haikubebei."

"Hao ni watu wa wapi?"

"Asia huko. Mwalimu wao ni Budha. Kuna kisa chao cha askari aliyemwendea Budha akamwuliza, je, ni kweli askari akifa vitani anakwenda peponi? Budha akamwambia, acha, usiniulize hilo. Akauliza tena. Acha, usiniulize. Akauliza mara ya tatu."

Randa ilikuwa imesimama. "Akamjibu nini?"

"Kwamba kama moyo wake ulikuwa umejaa nia ya kuua, anakwenda motoni."

Babu alipuliza vumbi la mbao kwenye ubao, polepole, upande mmoja hadi mwingine. "Angalau hakumficha," alisema.

Nilifurahi. Nilidhani nimemkuta mwenzangu, mtu anayependa ukweli mkavu kama mimi. Nikaongeza lile ambalo silisahau.

"Na hata ninyi Walutheri, babu, utaratibu wenu unasema hivyo hivyo. Patana kwanza, ndipo uje mezani. Sasa askari amepatana na nani? Amani bila haki ni maneno. Ingekuwa mimi, nisingegusa ule mkate mpaka nimtafute mama wa yule niliyemwua."

Hakukasirika. Aliinua ubao, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka.

"Uganda ni mbali, mke mdogo," alisema.

Baada ya chakula cha mchana alivaa koti, akasema kuna kitu anakwenda kukiweka sawa upande wa kanisani. Nilimwona akishuka njia ya miti, mikono nyuma. Nilidhani ni benchi limelegea.

Kesho yake nilikwenda kanisani kumridhisha bibi. Babu alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu, na viatu vimepigwa rangi mpaka kisigino. Niliona, sikuuliza, mimi niliyejisifu kwamba nauliza kila kitu. Wakati wa ushirika alibaki benchi lile lile karibu na mlango. Watu wote walipokwisha kurudi, mchungaji aliendelea kusimama mbele, kikombe mkononi, akiangalia huku nyuma kwetu, kwa muda mrefu kiasi cha watu kuanza kukohoa.

"Anamngoja nani huyu?" nilimnong'oneza bibi. "Anaigiza tu."

Bibi alifungua kitabu chake cha nyimbo.

Babu alifariki masika ya mwaka uliofuata, kifua, siku tatu tu. Mimi nilikuwa kwenye mitihani. Nilifika wakati wameshalifunga jeneza, la msonobari, la fundi mwingine, na mbao zake hazikuwa zimepigwa randa vizuri.

Sasa naishi Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Soweto, nafundisha sekondari. Mwaka wa kwanza huku nilikutana tena na kile kisa cha askari, safari hii kizima. Chuoni nilikuwa nimesoma nusu yake kwenye karatasi za kudurufu, nikaridhika kwa sababu nusu ile ilinifaa. Kumbe kinaendelea. Askari alilia. Budha akamwambia ndiyo sababu nilikukatalia. Askari akasema hakulilia jibu, alilia kwa kuwa waliomfundisha kazi ya vita walimdanganya miaka yote. Na baada ya kulia hakuondoka, alimwomba Budha ampokee kama mfuasi wake. Kwa hiyo kisa nilichompa babu kama mlango uliofungwa kilikuwa na mtu anayeingia ndani.

Na lipo jingine ambalo lilikuwamo hata katika ile nusu yangu. Yule mwalimu alikataa mara mbili kabla ya kujibu. Bila shaka alimtazama mtu usoni. Mimi sikukataa hata mara moja. Babu aliuliza mara moja tu na mimi nikajibu mara tatu.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba haikuwa kitu. Mzee aliyekaa benchi la mwisho maisha yake yote aliendelea kukaa benchi la mwisho. Maneno ya mwanafunzi wa mwaka wa pili yangebadilisha nini?

Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani. Baada ya ibada, watu wakiwa nje kwenye mnada wa mazao ya sadaka, yule mama mzee wa kanisa alinishika mkono. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Kamwene, mjukuu," alinisalimu kikwetu.

"Kamwene, bibi."

"Wewe ndiye uliyesoma dini, siyo? Babu yako alikuwa anakusifu." Akaniambia hayo mengine kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayedhani nayajua. Alhamisi ile, kabla ya Pasaka ile, babu alikwenda kwake kujiandikisha, mara ya kwanza tangu atoke vitani. Jumamosi alasiri akarudi akiwa amevaa koti, akamwomba amfute, maana kuna mama mmoja yuko mbali na hajapatana naye. Mama mzee wa kanisa alimkatalia, akampelekea mchungaji daftari kama lilivyo. Jina la babu lilikuwamo, la mwisho kwenye ukurasa, na halikufutwa.