Niliposema Tumeshapita Ubungo

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu. Mvua haikunikosea. Foleni haikunikosea. Ni mimi, na mdomo wangu, na hiki kichwa changu kilichosoma.

Kwanza nikuambie mimi ni nani, uone nimeanguka kutoka wapi. Nilizaliwa hapa hapa Kariakoo, chumba kimoja cha kupanga, Mama akiuza vitumbua mlangoni. Nikaondoka na begi moja. Miaka tisa ng'ambo! Mchana nilipakia maboksi ghalani, jioni nilisoma, nikatoka na diploma ya mipango ya usafirishaji. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kule kule wakanipa meza, nikawa ndiye ninayewapangia madereva safari zao: toka saa fulani, pita barabara fulani, fika dakika fulani. Na walifika!

Nimerudi, nina duka la vipuri Gerezani. Nina gari jeupe. Mama nimemtoa kwenye kile chumba, nimemweka ghorofa ya pili, maji yanatoka bombani mpaka jikoni. Hayo nayasema mpaka leo bila haya. Haya yangu iko kwingine.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, Mama Mdogo Zuhura, aliyekuwa akiishi Kibaha. Walikuja Dar pamoja kutoka Kilwa wakiwa mabinti. Mama yao alipofariki huko kusini walichelewa njiani, wakakuta ameshaoshwa na watu wasiowajua, ameshazikwa. Hapo ndipo wakaahidiana: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha.

Ahadi hiyo nimeisikia tangu utoto, maana walikuwa wakiifanyia utani. Mama Mdogo akishashiba anamwambia dada yake, "Visigino unisugue vizuri, usije ukanipeleka na vumbi la Kibaha." Mama anamjibu, "Wewe ulivyo mzito hivyo, nitakugeuza na nani?" Wanacheka mpaka wanafutana machozi na kanga moja.

Alfajiri ya Jumamosi moja simu ikalia. Alikuwa Rukia, binti wa Mama Mdogo.

"Kaka, Mama ametutoka."

Aliposhindwa kulia zaidi akanipa utaratibu. Kuosha saa nne asubuhi. Kuswaliwa na kuzikwa baada ya Adhuhuri. "Tunamsubiri Mama Mkubwa amwoshe," akasema. "Hatumgusi mpaka afike. Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

Saa kumi na mbili na nusu Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti karibu na mlango, baibui mwilini, furushi mapajani. Ndani ya furushi kulikuwa na kanga mpya, pamba, udi, na karafuu maiti iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amevinunua siku nyingi. Kumbe alivitunza kabatini, na mimi sikujua.

"Twende, baba."

"Mama, kuosha ni saa nne. Kariakoo mpaka Kibaha ni dakika hamsini na tano. Tazama." Nikamwonyesha simu. Mstari wa bluu ulikuwa umenyooka kutoka mtaani kwetu, ukashuka Jangwani, ukapanda Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi, mpaka Kibaha. "Tukitoka saa mbili na nusu, saa tatu na dakika ishirini na tano tupo mlangoni kwao."

"Huo mstari umechorwa lini?"

"Sasa hivi. Kuna mitambo huko angani inatazama barabara zote."

"Na Pugu imetazama?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinieleza nilipokuwa mtoto. Mangi, muuza duka wa chini yetu, alikuwa amemwambia kwamba wauza mchicha wanaotoka Pugu wameingia sokoni wamelowa chapachapa. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji ya Pugu yanateremka na mto Msimbazi, yanakuja kumwagika Jangwani, hata kama mjini hakujadondoka tone. "Tutoke sasa hivi," akasema. "Tusishuke Jangwani. Tuzungukie Tazara."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nilifungua dirisha nikamwonyesha jua. "Mama, hayo ni mambo yenu ya zamani. Siku hizi barabara inapimwa. Wewe kunywa chai."

Chai hakunywa.

Sasa ngoja nikuambie nilichokuwa nakisubiri, maana hili sijamwambia mtu. Gari lilikuwa na matope. Ndugu zetu wa Kibaha walikuwa hawajaliona. Nilijua uani pale msibani kutakuwa na wanaume wamekaa kwenye viti, watageuza shingo nikiingia, na sikutaka waone matope. Nikalipeleka kuoshwa Gerezani. Naam! Mtu wangu yuko Kibaha anasubiri kuoshwa, mimi nimepeleka gari kuoshwa!

Mangi aliniona nikipita.

"Injinia, unaenda msibani au harusini?"

"Mangi, pima sukari yako."

"Haya bwana. Mimi sina diploma. Ila ule mchicha nimeushika kwa mkono wangu. Umelowa, Injinia!"

Wateja wake wakacheka. Nikapandisha kioo.

Palikuwa na foleni pale pa kuoshea. Niliporudi kumchukua Mama ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Alikuwa kwenye kiti kile kile, furushi mapajani vile vile.

Hatukufika mbali. Tulipoinamisha pua ya gari kuelekea Jangwani, askari walikuwa wameshaziba barabara. Nikaona kilichokuwa mbele yao. Maji! Rangi ya chai ya maziwa, yametanda bonde zima, yanapita juu ya barabara na matawi na ndoo na godoro la mtu. Juu jua linawaka. Mstari wangu wa bluu bado ulikuwa umenyooka, umekatiza katikati ya yale maji kama vile hayapo.

Mama hakusema "nilikuambia." Angesema, ingenisaidia.

Nyuma yetu magari yalikuwa yameshajipanga. Hakuna kusogea, hakuna kugeuza. Dakika arobaini tulikaa pale. Ndipo simu ikalia, Rukia. Nikashuka garini, nikafunga mlango, nikasogea hadi barazani mwa duka moja. Mama nilimwacha ndani na vioo juu.

"Kaka, mmefika wapi?"

Hebu nisikilize hapa. Wewe pia umewahi kuulizwa hivyo. Uko kitandani unasema uko njiani. Uko bafuni unasema unapaki gari. Mji mzima tunasema hivyo, na anayeuliza anajua, anaongeza nusu saa yake mwenyewe, maisha yanaendelea. Lakini Rukia hakuwa na nafasi ya kuongeza nusu saa. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba tutafika saa tatu na dakika ishirini na tano, kwa kujidai. Mimi niliyewapangia Wazungu safari zao! Niseme niko Kariakoo bado, mwendo wa mguu kutoka mlangoni kwangu?

"Tumeshapita Ubungo," nikasema.

"Alhamdulillah! Nilikuwa na wasiwasi. Tumesikia Jangwani kumefungwa. Mume wangu yuko Ilala na pikipiki, nilitaka nimwambie amfuate Mama Mkubwa ampitishe Tazara, maana pikipiki zinapenya."

Nilisikia. Usidhani sikusikia. Ilala ni hapo tu. Dakika kumi angekuwa pembeni yetu, angempakia Mama na furushi lake, angepenya. Kilichotakiwa ni mimi kusema neno moja: bado.

"Aa, wa nini?" nikasema. "Mama na pikipiki wapi na wapi? Mwambie aje zake huko awasaidie. Sisi tunaingia Kimara."

"Basi tunamsubiri. Maji tumeshapasha."

Maji tumeshapasha! Hayo ndiyo maneno yanayonitembelea.

Nikarudi garini. "Anasemaje?" Mama akauliza. "Anasema tuendeshe polepole," nikamjibu. Uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Tuliponasuka tulijaribu kupitia Kigogo, nako maji. Tukarudi Ilala, tukashika barabara ya Tazara ile ile aliyoitaja Mama asubuhi. Lakini sasa Dar nzima ilikuwa imehamia huko. Malori, mabasi, mikokoteni, wote tumebanana. Rukia alipiga saa tano. Sikupokea. Akapiga tena. Nikaigeuza simu kifudifudi. Mama alikuwa ameshika furushi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta Kimara. Msikiti ulikuwa karibu na barabara, na sisi tumesimama kwenye foleni, kwa hiyo tuliisikia yote mpaka mwisho. Mama akashusha kioo asikie vizuri.

"Wanakwenda kumswalia sasa," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Sijui nani amemsugua visigino."

Tulifika saa nane kasoro. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo mbichi. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia gari. Niliambiwa walisubiri mpaka saa tano na nusu, wakipasha maji, yanapoa, wanapasha tena, mpaka imamu akatuma ujumbe kwamba hawawezi kumweka marehemu zaidi. Rukia akaingia yeye na majirani wawili, mmoja kahamia mtaani mwezi ule ule. Watu baki, kama alivyooshwa bibi yangu.

Mama aliingia ndani kwa wanawake akiwa bado na furushi. Sikusikia kilio. Nilikaa uani nikisubiri nisikie kilio chake, sikukisikia.

Tangu siku ile gari langu linanuka karafuu maiti. Ile karatasi ilifunguka kidogo, basi. Nimeliosha, nimeng'oa mazulia, nimeanika viti juani, nimeweka manukato. Wateja wangu wakiingia wanasema hawasikii kitu. Mimi nikifunga mlango tu, hiyo hapo!

Na alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Mama anaamka kutawadha, nami niko macho chumbani kwangu, nasikia maji ya bomba yakimiminika. Zamani alikuwa akimaliza haraka. Siku hizi anafungua maji kidogo kidogo, anayafunga, anayafungua, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Siku moja nilichungulia. Alikuwa ameinama, anajisugua visigino. Taratibu sana. Nikarudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani, mwanamume mzima mwenye diploma.

Watu wakimpa pole anasema, "Ni mvua, Mungu ndiye aliyepanga." Nami nilijificha nyuma ya hiyo mvua. Nilijiambia hajui. Nilikuwa nje ya gari, vioo vilikuwa juu, hajui!

Ikafika arobaini. Mama alisema tutatoka saa kumi na mbili asubuhi, tutapita Tazara, na sikubisha. Alikaa kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa nyeupe, hatukusimama popote. Tulipofika Ubungo, chini ya zile barabara za juu, akanigusa bega.

"Hapa ndipo tulipokuwa tumefika siku ile, eti?"

Nikakanyaga breki. Nyuma wakapiga honi.

"Rukia aliniambia," akasema. "Siku ile ile, sijavua hata viatu. Aliniuliza, Mama Mkubwa, kutoka Ubungo mpaka hapa mlikuwa mnatembea kwa miguu? Akaniambia na habari ya pikipiki."

"Mama..."

"Endesha, baba. Watu wanapiga honi."

Nikaendesha. Mbezi, Kibamba, Kiluvya, yote yalipita. Siku arobaini alikuwa akipokea pole na kusingizia mvua mbele ya watu, kwa ajili yangu. Siku arobaini nikila alichopika!

Tulipokaribia kwa Rukia akazungumza tena, sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma sokoni.

"Yule aliyebaki wa kuniosha mimi ni Rukia. Yuko Kibaha, nami niko Kariakoo. Siku yangu ikifika wewe ndiye utakayempigia. Mwambie ukweli wa ulipo. Usimwambie kingine."

Nilisema, "Sawa, Mama." Samahani sikumwomba. Mpaka leo sijamwomba, kila nikifungua mdomo nasikia maji tumeshapasha, nafunga. Furushi liko juu ya kabati lake. Halijafunguliwa.

Wewe unayesoma hii, sikufundishi barabara. Za kufundisha nilizimaliza. Nakuomba kitu kimoja tu: simu ikilia, mtu akakuuliza umefika wapi, usimpe mahali unapotamani kuwa. Mpe mahali ulipo, hata kama ni aibu, hata kama hujavaa viatu. Hujui upande wa pili ameshika nini mkononi. Hujui nani yuko jirani yako na pikipiki, anangoja neno lako moja. Na mzee wako akikuambia mvua imenyesha mahali usipopaona, washa gari!

Mimi siku hizi nikiulizwa, nasema mpaka jina la mtaa. Watu wananicheka. Sasa hivi ninapoandika niko Gerezani, nje ya duka langu, nimekaa ndani ya gari. Vioo vyote vinne viko chini. Bado linanuka.