Gari Lililopimwa kwa Kanga

Juzi niliingia yadi moja ya magari, nikafungua mlango wa gari dogo jekundu la viti viwili, nikakaa. Muuzaji, kijana aliyepandisha miwani ya jua kichwani, alisubiri niguse kitu. Sikugusa. Akainama dirishani.

"Dada, usukani uko huku," akasema, akionyesha upande wa kulia.

"Najua."

"Sasa mbona umekaa kwa abiria? Nani atakuendesha?"

Nikamwomba aniache kidogo. Ukiingia kwenye gari la namna hii, rafiki yangu, unakaa chini kama umekaa mkekani. Miguu inanyooka mbele, na harufu ya viti vilivyopigwa jua inakupanda puani. Harufu hiyo ilinichukua mzimamzima ikanirudisha Kariakoo, uani kwa bibi yangu, mwaka ule tulipokuwa ndani.

Nasema tulikuwa ndani kwa sababu bibi alikaa eda. Babu alifariki, wakamzika kwao Kigamboni, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni. Wanaume walikwenda naye, wanawake wakabaki nyumbani na kilio, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo bibi hakuliona kaburi. Aliingia eda siku hiyohiyo, akavaa nyeupe, akaacha wanja na manukato, na dunia yake ikawa chumba, ukumbi na uani. Mimi, mjukuu wa kike mkubwa, nilipangiwa kumtumikia. Nikirudi shule navua viatu, naingia, sitoki tena. Wenzangu walicheza rede barabarani, nami nikiijua michezo yao kwa sauti tu: nani kapigwa, nani kabishana, nani kalia.

Asubuhi ilinukia vitumbua vya mpangaji wa chumba cha nyuma. Mchana ilinukia papa mkavu. Jioni tulikunywa uji wa pilipili manga, bibi na mimi, kwenye vibao vya mbuzi za kukunia nazi vilivyogeuzwa viti. Nje Kariakoo iliunguruma: mikokoteni, wauza mabeseni, na nyundo. Wakati huo nyumba za zamani za mtaa wetu zilikuwa zinaangushwa, na kila iliyoanguka iliota ghorofa. Ua wetu ulizidi kukosa jua. Bibi alikuwa akisema, "Wanatujengea kisima, sisi tukiwa humo ndani."

Mjomba, kitindamimba wake, aliuza viatu vya mitumba Mchikichini. Jioni moja alimwambia, "Eda yako ikiisha, mama, nitakupeleka kwa baba. Kwa gari langu."

"Gari lipi?"

"Nitakalonunua."

"Basi nunua kwanza, ndipo uahidi."

Lakini bibi alitabasamu, na tangu siku ile safari hiyo ndiyo iliyompa hamu ya kuishi. Alipokunja nguo aliitaja. Alipochambua mchele aliitaja. Atavaa hivi, atabeba udi, atamwagia kaburi maji.

Tatizo halikuwa kupata gari tu. Tatizo lilikuwa mahali pa kulilaza. Gari lililolala barabarani Kariakoo liliamka halina vioo wala taa, na asubuhi ukauziwa vioo vyako mwenyewe mtaa wa pili. Lilitakiwa lilale uani, na uani paliingilika kwa uchochoro mmoja tu, kati ya nyumba yetu na ya jirani. Mjomba akaazima kanga ya bibi, ile ya njano yenye jina lisemalo "Safari ya moyo haina mzigo", akaitandaza kutoka ukuta hadi ukuta. Upana wa uchochoro ulikuwa urefu wa kanga moja, na shubiri ya kuchezea.

"Hiyo ndiyo futi kamba yangu," akasema.

Jumapili iliyofuata nilipewa ruhusa ya kutoka naye kwenda yadi, kumshikia kanga upande wa pili. Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mjomba alikuwa akisogea mbele ya gari, ananipa ncha, tunaivuta usoni mwa gari kama tunampima bwana harusi.

"Kaka, unapima gari au unalivisha?" akauliza muuzaji.

"Napima."

"Chukua hili hapa, ukoo mzima unaingia."

Tukalitandazia. Kanga ikaishia kwenye taa. "Limenenepa," mjomba akasema, tukasogea kwa lingine.

Tulimaliza yadi nzima. Pembeni kabisa, chini ya turubai, palikuwa na kigari cha buluu cha michezo, kifupi, kimejiinamia kama paka anayenyemelea, kina viti viwili na paa la kitambaa linalokunjwa. Tukatandaza. Kanga ikakifunika na ncha zikaning'inia pande zote mbili.

"Hilo? Hilo ni la kijana asiye na mke!" Muuzaji alipiga makofi. "Siku mama na mke wakigombana, utamshusha nani?"

"Nitashuka mimi."

Lilikuwa rahisi kuliko yote pale, kwa sababu mjini kwetu gari ni la kubebea msiba na harusi, na nani anunue gari lisilobeba hata shangazi wawili? Mjomba alilipenda kwa sababu ileile iliyowafanya wengine walikatae. Lilinguruma kama kubwa. Alipoliingiza uchochoroni milango haikuweza kufunguka, basi akakunja paa, akasimama juu ya kiti na kuruka nje ili aondoe bati tulilofanya lango. Wapangaji walishangilia. Wakalibatiza jina "Kiatu".

Akaweka amri moja: kiti cha kushoto hakikaliwi na mtu mpaka bibi akikalie kwanza. Viatu vya biashara vilisafiri kwenye buti. Mimi nililifuta vumbi gari lile kila jioni, nikaingiza mkono dirishani, nikakibonyeza kile kiti kwa vidole. Zaidi ya hapo sikuthubutu.

Ndipo jirani akaja. Wakati wa eda bibi hakuonana na wanaume wasio maharimu wake, kwa hiyo jirani alisimama ukumbini, na bibi akakaa chumbani nyuma ya pazia.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Sema hapohapo."

"Mama, nimepata mtu, namuuzia nyumba. Anataka kuangusha ajenge."

"Na njia yetu?"

"Njia yenu ipo. Nimemwambia. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Mjomba aliposikia hakutulia. "Mama, acha nilitoe mapema. Nikalilaze kwa rafiki yangu Ilala mpaka nione wanavyojenga."

"Jirani ametamka," bibi akasema. "Kila Ramadhani sahani zetu za futari zinavuka ukuta huu, zake huku, zetu kule. Ukilitoa leo, umemwambia hatumwamini."

"Mama, atakayejenga si yeye."

"Neno ni lake. Liache."

Lingekuwa jambo la mtu mwingine yeyote angetoka nje, akatazama vigingi vilivyopigwa na kamba zilivyovutwa. Bibi hakuweza kutoka. Alikuwa na sauti ya mtu nyuma ya pazia, na adabu ya miaka mingi, akavitegemea hivyo viwili.

Nyumba ya jirani ikaangushwa. Siku moja mvua ilijaza maji barabarani, mjomba akaliacha gari uani na kwenda Mchikichini kwa miguu. Mafundi walifika siku hiyo. Nilitoka shule nikakuta mtaro umechimbwa ndani ya uchochoro wetu, na jioni mjomba aliporudi mawe ya msingi yalikuwa yameshapangwa, zege bichi juu yake. Aliomba kanga. Nikamshikia ncha yangu ukutani, naye akaja na yake mpaka kwenye mawe, na kanga ikalegea katikati yetu. Ikabidi aikunje. "Safari ya moyo" ikabaki nje. Maneno mengine yalimezwa na mkunjo.

"Mzee, mtu na ndoo yake anapita," fundi akasema kwa upole. "Mimi nimepewa ramani tu."

Jirani alikuwa ameshahama. Mjomba akaingia kumwambia mama yake. Bibi aliitikia adhana ya magharibi mpaka ikaisha, kisha akasema tu, "Basi na lenyewe limekaa eda."

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa kifua kuliko kwa kichwa. Ukuta ulipanda, uani pakawa na giza saa za mchana, na Kiatu kikatuama kati ya jiko na choo, kanga za wapangaji zikianikwa juu ya paa lake. Mjomba alikiwasha kila asubuhi ili betri isife. Kilinguruma, kikatutia moshi machoni, kikazimwa. Hakumtazama mama yake usoni. Aliwahi kusema atamkodia teksi, bibi akamjibu, "Sikuahidiwa teksi."

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha alfajiri, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya. Sote tulisimama ukumbini tukingoja atoke mlango wa mbele. Akageuka, akaenda uani.

"Fungua," akamwambia mjomba.

Mjomba akafungua mlango wa kushoto. Bibi akakaa, akashtuka jinsi kiti kilivyo chini, akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Akanipungia mkono. "Njoo, unipakate wewe au nikupakate mimi?" Nikakaa mapajani mwake. Wapangaji wakaondoa ndoo na majiko.

"Mama, tunakwenda wapi?" mjomba akauliza.

"Si ulisema Kigamboni? Twende."

Akawasha. Akakunja paa. Gari likasogea polepole kutoka jikoni mpaka ukutani, safari fupi kuliko zote nilizowahi kusafiri, likasimama pua yake ikigusa tofali. Bibi aliutazama ukuta ule mpya, juu kabisa, hadi pale kipande cha mbingu kilipobaki.

"Foleni," akasema.

"Foleni, mama."

"Leo haitembei hii. Tushuke, tuendeleze kwa miguu."

Alishuka, akavaa baibui, akatoka mlango wa mbele bila kugeuka. Tulitembea watatu mpaka Magogoni, yeye akiitikia salamu za kila mtu, "marahaba, marahaba", akisimama kustaajabia maghorofa yaliyoota alipokuwa ndani. Tukavuka. Kaburini alimwagia maji, akawasha udi, akamwambia babu, "Mwanao alinileta kwa gari. Tumeliacha njiani."

Kiatu hakikutoka. Kilifunguliwa vipande, vikapita ukumbini kimoja kimoja kama wageni wanaoaga: milango, taa, injini ikibebwa na wanaume wanne. Kiti cha kushoto bibi hakukubali kiuzwe. Alikikalia barazani mpaka nyumba nayo ikauzwa, naye akatutoka. Leo pale pana ghorofa la maduka. Nimepita mara nyingi nikitafuta uani palikuwa usawa gani, nikapotea kati ya ngazi. Hakuna nyuma tena Kariakoo. Kila kitu ni mbele.

"Dada, vipi?" kijana wa yadi akarudi. "Linakufaa?"

Ninapoishi sasa pana maegesho mapana, geti na mlinzi. Gari lolote lingepita. Hata hivyo nilifungua mkoba wangu, nikatoa kanga ya njano iliyochujuka, nikampa ncha moja.

"Nishikie hapo," nikamwambia.