Ng'ombe wa Ami, Ndama Wangu

Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikuwa tajiri wa karafuu. Alikuwa na shamba kule Gando, nyumba ya bati mjini Chake, na kanzu nyeupe ambazo sikupata kuziona na doa. Ng'ombe alikuwa naye mmoja, na huyo nikimtunza miye, Gombani. Mapatano yetu yalikuwa yale ya siku zote: maziwa ya mtunzaji, ndama wa kwanza wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mtunzaji. Wa kwanza alizaliwa dume, Ami akamchinja katika hitima ya mkwewe. Wa pili akazaliwa jike. Nikaanza kujiona mtu.

Maziwa nikimpelekea mwenye mkahawa mmoja mjini, kila asubuhi, kwa chupa. Nilizihesabu nyumbani, nikazihesabu tena mbele yake, maana wapo watu mkono mmoja hupokea na mwengine husahau. Biashara yenyewe ndogo, lakini karafuu huja kwa msimu na maziwa huja kila siku. Sukari, mafuta ya taa na kanga za mke wangu zilitoka kwenye kiwele kile.

Siku moja Ami akakaa mkahawani pale, akayasifu maziwa, akauliza yatoka wapi. Akaambiwa. Ami alikuwa hawezi kuona senti mkononi mwa mtu mwengine bila ya kuumwa.

Akaja Gombani. Nikampa shikamoo yake, akaipokea kama mtu anayepokea kodi. Akasema amezeeka, anataka ng'ombe wake awe karibu naye. Nikamwuliza habari ya ndama.

"Ndama wako, mwanangu," akasema. "Miye sili haki ya mtu."

Alilisema hilo kwa sauti ya kuwatosha majirani. Kisha akamfungua ng'ombe, akaenda zake. Ndama akabaki analia.

Mtu huyu alikuwa na ng'ombe tangu miye sijaoa, wala hakupata hata siku moja kuchutama akakama. Hakujua kuwa ng'ombe wetu hawa wa kienyeji, ndama asipoanza kunyonya, hashushi maziwa. Utavuta mpaka vidole vife ganzi, na utakachopata ni teke. Nilijua, nikanyamaza. Hakuniuliza.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama. Nilimpa ndama uji, akaumwaga. Nikanunua maziwa kwa jirani. Miye, muuza maziwa, nikayanunua kwa bei ambayo ningemcheka mwengine kuilipa. Hayakumtosha. Mbavu zikaanza kutoka. Mwenye mkahawa naye akasema atanivumilia mpaka Jumamosi, baada ya hapo atafungua maziwa ya kopo. Hapo ikawa kungojeana, Ami na miye. Atakayemwendea mwenzake kwanza ndiye atakayelipa.

Ami akaja Ijumaa, baada ya sala. Kanzu ilikuwa na mavi ya ng'ombe mpaka kifuani, na alikuwa anachechemea.

"Niazime huyo ndama, mwanangu. Asubuhi na jioni tu."

"Ami, ndama na miguu hiyo atafika mjini?"

Akauliza nataka nini. Nikamwambia ng'ombe arudi, na ndama ajaye awe wangu pia. Akaniita mwizi, nikamwambia Ami ndiye mkubwa, akisema hivyo ni hivyo. Akaondoka. Nikamwacha aende, na nyuma yangu ndama alikuwa hana tena hata nguvu ya kulia. Alipofika njiani akasimama, akageuka.

"Arudi," akasema. "Lakini ndama ajaye nusu kwa nusu. Na chupa yangu kila siku."

"Kila Ijumaa, Ami."

Alijishika paja lililopigwa teke.

"Kila Ijumaa. Ijae."

Ng'ombe akaletwa jioni ile. Ndama alinyonya mpaka nikamvuta kwa nguvu, na Jumamosi nikafika mkahawani na chupa mbili. Mwenye mkahawa alizitazama, akalirudisha kopo rafuni.

Ami akawa anasimulia barazani kuwa alimhurumia mtoto wa marehemu nduguye, akampa ng'ombe. Watu wakamwombea dua. Na Ijumaa, nilipompelekea chupa yake, aliiinua juu kwenye mwanga, akafumba jicho moja, aone kama nimetia maji.