Kona ya Chini ya Ubao wa Shangazi Dobi

Mtaani kwetu, mtu akitaka kujua kama kesho kutakuwa na maji, anakwenda kwenye kibanda cha Shangazi Dobi na kusoma ubao. Nimeishi hapa mwaka wa kumi na sita sasa, na sijui kuanza siku bila kupita pale. Mume wangu hunicheka, husema nina roho ya kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Na acheke. Mimi ni mama wa pacha wawili wa kike wenye miaka kumi na miwili, nitaachaje kuwa na wasiwasi? Nataka kujua barabara ipi imechimbwa, mbwa wa nani amekatika kamba, na mkutano wa wazazi ni saa ngapi.

Shangazi Dobi si shangazi wa mtu yeyote hapa, jina limemganda tu. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyotokeza mishipa kwa kunyanyua pasi ya mkaa miaka thelathini. Kibanda chake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kuna meza iliyotandikwa blanketi la kijivu lenye makovu ya moto, kamba mbili za kutundikia nguo, na gunia la mkaa. Ubao uko nje, ukutani.

Aliwahi kunisimulia ulivyoanza. "Kila aliyeleta shati alikuja na swali. Shangazi, maji yanarudi lini? Shangazi, chanjo ni lini? Nani kafiwa? Nikawa napiga pasi huku najibu, najibu, mpaka siku moja nikaunguza kola ya mwalimu mkuu. Nikasema basi, imetosha. Nikachukua kipande cha mkaa nikaandika mlangoni: MAJI YANARUDI ALHAMISI, MSINIULIZE TENA."

Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua shati aliangalia kola, akaangalia mlango, akacheka. Wiki ile ile alimpa ubao wa zamani wa shule, uliopasuka pembeni, ambao ulikuwa ukingoja kugeuzwa kuni. Marehemu mumewe aliubeba kichwani mwenyewe.

Tangu siku hiyo ubao umegawanywa kwa mstari katikati. Kushoto ni YALIYOTOKEA, kulia ni YATAKAYOTOKEA. Chaki anailoweka kwanza kwenye maji ya sukari, kwa hiyo maandishi yanashika kama gundi. Upepo hauyafuti wala mgongo wa mtu anayeegemea ukuta. Hutoka kwa kitambaa chenye maji tu, tena kwa kusugua.

Kisha kuna sharti lake. Ukimpelekea habari, kabla hujamaliza anakuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, haandiki mpaka aje mtu wa pili. Hata ukisema umeona, mdomo mmoja haumtoshi.

Kinyozi wa kibanda cha pili, mtu wa mzaha asiyeweza kufunga mdomo hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja, alikwenda siku moja mbio mbio. "Shangazi, andika! Muuza duka amekamatwa!"

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyeambiwa."

"Kalete mwingine."

Mchana muuza duka alikuja mwenyewe kuchukua suruali zake. Kinyozi alijificha nyuma ya pazia lake hadi alipoondoka.

Basi, mwaka huu nilianza kuona kitu. Herufi za ubaoni zilikuwa zinakua. Zamani upande mmoja ulibeba habari nane au tisa, kwa mwandiko mdogo uliosimama sawa kama watoto wa shule mstarini. Zikawa sita. Zikawa nne. Kufikia juzi juzi, upande wa kulia ulimezwa na habari tatu tu, kila herufi kubwa kama kiganja.

Mimi kitu kikinikaa kichwani hakitoki. Nikamuuliza muuza duka, akasema mtaa siku hizi hauna habari. Nikamuuliza kinyozi.

"Amezeeka, Mama Pacha," akasema. "Wazee wanapenda vitu vikubwa. Sahani kubwa, kikombe kikubwa, herufi kubwa." Lakini hakunitazama aliposema, na kinyozi yule humtazama kila mtu.

Nyumbani pacha wakaniambia jambo lingine. "Mama, Shangazi Dobi anatupima kusoma. Kila asubuhi anatusimamisha, tunamsomea ubao wote kwa sauti. Tukimaliza anasema vizuri, nendeni shule."

Nilifurahi. Mimi shule niliishia darasa la tano, na kusikia wanangu wanapimwa na mtu makini kama yule kulinipa kichwa. Hata nikamweleza mume wangu jinsi watoto wanavyosoma bila kukwama. Yeye alikuwa anaangalia suruali yake ya kazi, iliyotoka kupigwa pasi.

"Njoo uone," akasema. "Shangazi amenijengea reli."

Kweli, kwenye mguu mmoja kulikuwa na mistari miwili ya pasi, imekwenda sambamba kutoka kiunoni hadi chini. Treni ingepita.

Halafu likatokea la maji. Ilikuwa likizo, pacha hawapiti kibandani asubuhi. Jumanne moja ubao ulisema, chini kabisa kwenye kona ya kulia, pale palipopasuka: MAJI HAYATAKUWEPO JUMATANO. Mtaa mzima tukajaza. Mimi nilijaza ndoo, beseni, sufuria, hadi birika. Jirani alijaza beseni la kuogeshea mtoto, mtoto akaogeshwa kwenye karai. Kesho yake maji yakatoka kutwa nzima, tena kwa nguvu kama yanatukejeli.

Watu wakamwendea. "Shangazi, vipi leo? Ubao umedanganya!"

"Mimi sijaandika maji," akasema, pasi mkononi. "Ile ni ya wiki iliyopita. Niliifuta."

"Haikufutwa, ipo!"

Alitoka, akaweka kiganja kwenye kona ile, akapapasa. "Basi nimesahau," akasema, akarudi ndani. Watu wakaondoka wakinung'unika, wengine wakicheka. Mimi nilibaki nimesimama palepale. Mtu anayesahau huenda kuangalia alichosahau. Yeye alipapasa. Ubao ulikuwa mbali na uso wake kiasi cha mkono tu, na bado aliutafuta kwa vidole.

Vyote vikajipanga kichwani mwangu kwa mara moja: herufi, wanangu wakisoma kwa sauti, reli za suruali. Nikakumbuka pia kwamba siku hizi nikimpa nguo hunusa kola badala ya kuiangalia. Shangazi Dobi alikuwa haoni vizuri, na alikuwa anatuficha.

Siku zile zote sikulala vizuri. Nilijua kwa nini anaficha. Dobi akijulikana haoni, nani atampa shati jeupe? Pasi ya mkaa haina huruma, cheche moja tu na nguo imekwisha. Hana mtoto wa kumtunza. Bila pasi hana chakula, na bila macho hana ubao. Kisha likizo ikaisha, na hapo hapo, kwenye ubao wake mwenyewe, upande wa YATAKAYOTOKEA, kulikuwa na maneno makubwa aliyoyaandika Jumatatu: MADAKTARI WA MACHO, SHULE YA MSINGI, JUMAMOSI SAA MBILI ASUBUHI. SIKU MOJA TU.

Alhamisi ya wiki ile niliamka mapema nikaenda kumkabili kabla ya wateja. Nilipokaribia nikaona mtu ameinama mbele ya ubao. Alikuwa kinyozi, ana taulo lake lenye maji, anasugua kona ya chini. Aliponiona alishtuka kama mwizi wa kuku.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nanyoa ubao," akasema. Kisha mzaha ukamwishia. "Tangu siku ile ya maji, Mama Pacha. Kila alfajiri napita. Yeye anafuta juu na katikati, kona hii haifikii. Nikaona bora nimalizie kabla mtaa haujaamka."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua tangu aliponipa kanzu ya kinyozi mwenzangu akaniambia ni yangu. Ile ya bluu. Yangu nyeupe." Akakamua taulo. "Nilidhani ni mimi tu ninayejua."

Mlango ulifunguliwa. Shangazi Dobi akatoka na ndoo ya majivu. "Nani hapo?"

"Mimi, Mama Pacha. Na kinyozi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nguo bado, njooni mchana."

"Sikuja kwa nguo. Nimekuletea habari." "Kuna mama mmoja hapa mtaani macho yake yameharibika, na anaficha."

Aliweka ndoo chini polepole. Alijua. "Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona."

"Mdomo mmoja hautoshi," akasema kwa ukali. "Nenda nyumbani, una watoto wa kupeleka shule."

"Na mimi nimeona, shangazi," kinyozi akasema. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

Aliingia ndani, tukasikia anapuliza mkaa. Mimi nikafanya jambo ambalo sijui nilipata wapi ujasiri wake. Nikachukua chaki kwenye kikopo chake cha maji ya sukari. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, unakwenda kama mtu aliyevaa viatu vya kushoto miguu yote miwili, lakini nikaandika, upande wa kulia, chini ya habari nyingine.

Pacha walipofika, mabegi mgongoni, aliwaita kama kawaida. "Njooni mnisomee."

Wakaanza. Madaktari wa macho. Mkutano wa wazazi Ijumaa. Kisha mmoja akasita, akanitazama. Nikamkonyeza aendelee.

"Jumamosi hakuna pasi," akasoma. "Dobi atakuwa shuleni saa mbili, kupimwa macho."

Shangazi alisimama wima. "Nani ameandika uongo kwenye ubao wangu?"

"Si uongo bado," nikamwambia. "Umeandikwa upande wa yatakayotokea. Utakuwa uongo Jumamosi, kama utakaa nyumbani."

"Futa."

"Kwa nini? Midomo miwili imeshuhudia."

"Mama Pacha, mimi sina mtoto wala mume wa kunilisha! Wakijua, Jumatatu kamba yangu itakuwa tupu. Umefikiria hilo, wewe mwenye wasiwasi wa kila kitu?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nikamwambia ukweli. "Nimefikiria. Nimeogopa pia. Lakini shangazi, suruali ya mume wangu ina reli. Watu wameshaanza kuona, ila hawajajua wanachokiona. Wakidhani umekuwa mzembe watakuacha. Wakijua unaumwa watakungoja."

"Umeona au umeambiwa?"

"Hilo naota tu," nikakiri.

Kinyozi akaangua kicheko, na Shangazi, bila kupenda, naye akacheka kidogo puani. Hakusema atakwenda. Lakini siku nzima ile na kesho yake maneno yangu yaliyopinda yalibaki pale, hakuyafuta, na ndoo ya maji ilikuwa mlangoni kwake.

Jumamosi nilifika shuleni saa moja na nusu. Foleni ilikuwa imezunguka darasa. Saa mbili ikafika, sikumwona. Saa mbili na robo. Nikaanza kujilaumu kwamba nimemwaibisha mbele ya mtaa bure. Ndipo nikamwona anaingia getini, ameshika mkono wa kinyozi, amevaa gauni lililopigwa pasi mstari mmoja tu, ulionyooka.

"Amenifanya nimpigie mimi," kinyozi akaninong'oneza. "Nimeungua vidole viwili. Kazi ngumu ile."

Daktari alimmulika, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kitu cha kupasuliwa na kuondolewa. Akaandikiwa siku ya hospitali, jicho la kulia kwanza. Tukarudi naye mpaka kibandani. Pale akanipa chaki.

"Andika kushoto. Yameshatokea. Andika: Dobi ana mtoto wa jicho. Wenye nguo nyeupe wangoje mwezi mmoja. Wasiotaka kungoja waende kwa dobi mwingine, hakuna ugomvi."

Niliandika. Jumatatu nilipita mapema mno, nina hofu ya kuona kamba tupu. Kamba ya kwanza ilikuwa tupu kweli. Watu saba walihamisha nguo zao, nami nawajua wote saba. Kamba ya pili ilikuwa na nguo za rangi, za khaki, za bluu, na katikati kanzu moja nyeupe ya kinyozi, aliyesema yeye haendi popote, hata ikitoka na reli.

Hospitalini tulikwenda naye mimi na pacha. Akapasuliwa, na kesho yake walimfungua bandeji ya jicho la kulia, na jioni nikamrudisha nyumbani. Alisimama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo kwa mwaka mzima asingeona hata ukuta. Alifumba jicho la kushoto. Akatazama ubao, ambao siku zile nilikuwa nauandika mimi kwa midomo miwili kama anavyotaka.

Nilingoja anisifu.

"Mama Pacha," akasema, "ile kona ya chini mbona hujaifuta?"