Sweta la Kornel

Hapa Milanzi, ukiwa na sweta kuukuu lililotoboka viwiko, hulitupi. Unampelekea Mama Kornel. Jina lake la ubatizo ni Silvana, lakini tangu ajifungue mtoto wake huyo wa pekee hakuna anayemwita hivyo, na hata sasa mtoto mwenyewe akiwa kaburini, midomo yetu imekataa kubadilika. Mimi ni jirani yake, ua kwa ua. Nayaeleza haya nikiwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mama Kornel hataki uzi wa dukani. Anasema hauna nguvu, ukifuliwa unanyong'onyea kama mchicha. Yeye huchagua masweta mazito ya mitumba mnadani, akayafungua mishono ya ubavuni, akatafuta ncha na kuvuta. Sweta zima linafumuka ukilitazama. Uzi anaufua, anauanika akiufungia jiwe chini ili unyooke, kisha anaukunja madonge. Anachofuma hauzi. Ukimtajia bei anakuelekeza dukani. Binti yangu Debora alipojifungua, kofia na soksi za mtoto zilifika kabla uji wa mzazi haujaiva. Tulizoea kumtania kwamba siku mitumba ikiadimika, wenye kondoo wafunge mazizi.

Kornel alihamia Chala kufanya biashara ya mahindi. Mama yake alimfumia sweta la rangi ya damu ya mzee, lenye kola nzito ya kukinga upepo wa kipupwe, na yule kijana alilivaa mpaka wenzake wakadhani hana nguo nyingine. Mwaka jana lori la mahindi lilipinduka mteremkoni, naye alikuwa amekaa juu ya magunia. Hakuwa amelivaa siku hiyo. Kulikuwa na jua kali.

Siku ya kumaliza msiba, ukoo wa marehemu mumewe uligawa nguo. Kwao nguo za mwanamume huchukuliwa na wanaume wa rika lake, na mama mzazi hukaa nje na wanawake wenzake. Sweta likamwangukia Maximilian, mtoto wa baba mkubwa wa Kornel. Mama Kornel aliliona likipita mlangoni, limekunjwa kwapani mwa Maximilian, akanyamaza. Mimi nisingenyamaza. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye aliona haya kugombea nguo mbele ya wakwe.

Kipupwe kiliporudi mwaka huu, alishindwa kufuma. Sindano zilikaa kikapuni tu. Siku moja akaniambia, "Mama Debora, nguo nyingine wachukue zote. Lile sweta nalitaka. Nataka niwe naliona nikiamka."

Nikamsukuma ampigie simu wifi yake Rozina, dada wa marehemu mumewe, anayeishi hukohuko Chala. Akapiga nikiwa nimekaa pembeni.

"Wifi, naomba umwambie Maximilian anipe lile sweta la Kornel. Nitamfumia lingine."

"Hilo tu, wifi? Nitakuletea mwenyewe!"

Alikata simu akicheka na kulia kwa pamoja. Jioni ile akaja kuazima nyundo kwangu, akapigilia msumari ukutani, mbele ya kitanda.

Rozina alikuja Jumamosi na kikapu cha maharage na mfuko wa plastiki. Ni mwanamke mwema, mwenye maneno mengi, na hajawahi kuja mikono mitupu. Tulikuwa tumelizunguka jiko la mkaa. Akamwekea wifi yake ule mfuko mapajani.

"Nilikuonea huruma na hivyo vidole vinavyokuuma," akasema. "Nikasema nisikuletee kazi. Nimelifumua mwenyewe, wifi, vilevile ulivyonifundisha. Nimelifua mara mbili. Angalia kama nimekunja vizuri."

Ndani kulikuwa na madonge ya uzi wa damu ya mzee, safi, yamepangwa kwa upendo.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini nani angefikiri kuna la kuuliza? Huku kwetu Ufipa nzima inajua Mama Kornel akikuomba sweta anataka uzi. Nilitamani kuutupa ule mfuko uani, na Rozina nyuma yake. Kisha nikaona vidole vya Rozina vilivyochunika kwa kuvuta uzi, nikachochea mkaa.

Mama Kornel alishika donge moja, akaligeuza. "Ahsante, wifi," akasema. "Umefanya kazi kubwa." Akainuka kubandika chai.

Nilimsindikiza Rozina hadi stendi, na njia nzima sikumwambia kitu. Yeye pia alimpenda yule kijana. Alipopanda gari alinishika mkono akaniambia amefurahi, kwa sababu sasa wifi yake ataanza tena kufuma.

Kweli, niliporudi nilimkuta ameshika sindano.

"Nitalirudisha lilivyokuwa," akaniambia. "Uzi ni uleule."

Lakini hakuwa ameanza. Maisha yake yote hajawahi kutumia futi ya fundi. Anayemfumia humsimamisha mbele yake, akampima mgongoni kwa shibiri, akaanza hapohapo. Vipimo vya Kornel havikuwa popote duniani isipokuwa ndani ya lile sweta.

Akaweka sindano chini. Akainua mikono mbele yake, usawa wa mabega ya mtu mzima, akaitanua, akaipunguza, akaitanua tena kidogo.

"Alikuwa hapa?" akaniuliza. "Mama Debora, alikuwa hapa, au hapa?"

Kornel nilimwona akitambaa. Alibeba maji yangu, alikula kwangu, alikua mbele ya macho yangu. Nikaitazama ile mikono, nikautafuta mgongo wake kichwani, sikuupata.

"Sijui, mwenzangu," nikamwambia, naye akaishusha.