Simu za Anifa Hazilii

Saa moja asubuhi, Anifa Harithi anamwaga gunia la samaki wakavu juu ya turubai, sokoni Kizota, Dodoma, na kuanza kuchambua. Uono anamtenga kushoto: mwembamba, ana mstari wa fedha ubavuni. Samaki aitwaye simu anamweka kulia. Huyu ni mpana kidogo, na ukipitisha kidole tumboni kuelekea kichwani, anakwaruza kama msumeno.

"Huku wote wanaitwa dagaa," anasema. "Basi mtu anawatia chumvi kama wa Mwanza. Wa bahari amekuja na chumvi yake. Mboga ikimshinda, harudi tena kwangu."

Kazi hii alifunzwa Bagamoyo na mjomba wake, Bushiri, anayewavua hadi leo kwa karabai siku za giza la mwezi. Samaki hufuata mwanga, wavu ukainuliwa chini yao. Serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, Anifa akarudi kwao Dodoma na magunia yake.

Ili wateja walijue jina, mwaka huu wa 1996 aliandika kibao: SIMU ZIPO. Wakaja watu na sarafu mkononi, wakiuliza foleni iko wapi. Zipora, muuza nyanya wa jirani, kila asubuhi humuuliza kama Dar imepokea.

Kiongozi wa soko hakucheka. Kibao kinadanganya watu, alisema, kishuke kabla ya Ijumaa. Kikishuka, simu atarudi kuwa dagaa tu, na chumvi itazidi vilevile.

Jana akafika mzee Nathanaeli Matonya, mkulima wa Gulwe, akitaka kumpigia mwanawe aliye Morogoro. Anifa akamwamkia, akampa kigoda na maji, akamweleza kosa. Kisha akamwachia Zipora meza, akamsindikiza hadi kwenye kibanda cha simu barabarani.

Mwana alipatikana. Mzee akarudi kushukuru, akainama juu ya turubai, akawatazama wale samaki kwa muda.

"Mwanangu, hawa wana macho," alisema. "Mwalimu wetu alituchapa kwa hili. Chenye macho hakiwi 'zipo'. Andika 'wapo'."

Leo kibao kinasomeka SIMU WAPO, na chini yake, kwa chaki: onja kabla ya chumvi. Kiongozi wa soko amesimama, amesoma, kisha ameomba afungiwe fungu moja.

Baada ya mavuno Anifa anataka kupeleka gunia Gulwe, ambako mzee Matonya amemwahidi mahali pa kuweka meza.

"Kule hakuna kibanda cha simu," anasema. "Watawajua hawa kwanza."