Mlima Uliogeuka

Sisi tuliolelewa nyuma ya Mlima Meru, upande wa Ngarenanyuki, enzi zile bendera ya Mwingereza ikipepea Boma, hatukuwa na habari za kaskazini wala kusini. Tulikuwa na mlima. Ukiulizwa ng'ombe wameelekea wapi, ulijibu, "Wameuacha mlima mkono wa kulia," na aliyeuliza aliwapata. Hata kijiko kikiangukia chini ya kitanda, bibi alisema, "Kitafute upande wa mlimani." Na asubuhi, ukiupa mlima uso, jua lilichomoza kushoto kwako. Hatukujua kuwa duniani kuna watu wanaoliona likichomoza kulia.

Maisha yalikuwa na ladha ya loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, iliyolala kibuyuni mpaka ikachachuka vizuri. Tuliwinga ndege mashambani kwa kelele za kumtoa nyoka pangoni. Maji yetu yalikuwa ya magadi, na meno yetu yote yalikuwa ya kahawia. Tuliamini hiyo ndiyo rangi ya meno. Vijana wa leo wakipata doa dogo huziba mdomo kwa kiganja wakicheka. Sisi tulicheka mpaka magego yakaonekana.

Kisha mdogo wangu, Elifuraha, akapata homa. Alikuwa hajaanza kutambaa. Siku ya kwanza alilia, ya pili akakataa kunyonya, na mama akasema asubuhi haitamkuta hapa, atampeleka hospitali mjini. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, mbali. Mjini mama hakuwa amefika hata mara moja. Jirani yetu aliyewahi kufika ndiye aliyetupa njia.

"Mkishuka kwenye lori pale sokoni, wekeni mlima mkono wa kushoto. Fuateni barabara mpaka mvuke mto. Nyumba ndefu nyeupe ndiyo hospitali."

"Na tukipotea?"

"We mama, mlima nao unapotea?"

Ulipotea. Lori la maharage lilitushusha Arusha asubuhi, na ukungu wa masika ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka ya Wahindi. Mlima haukuwapo. Mama aligeuka huku na huku, kichanga mgongoni, mimi nimeng'ang'ania kanga yake. Barazani pa duka alikuwapo fundi cherehani. Mama akajikaza na Kiswahili chake cha kanisani.

"Baba, hospitali?"

Fundi akacheka. "Mama wa shamba, hata hospitali huijui? Nyoosha tu!" Akaonyesha kwa midomo, maana mikono ilikuwa na kazi. Midomo ile ilielekea pande zote za dunia.

Basi mama akafanya kama angefanya mtu yeyote wa kwetu. Akatafuta mwanga wa jua ndani ya ukungu, akaupa mgongo, akasema, "Jua likiwa mgongoni, mlima uko kushoto." Nyumbani ilikuwa kweli. Tukaanza kwenda.

Tulikwenda. Maduka yakaisha, zikaja nyumba za udongo, nazo zikaisha. Nilisikia kengele za ng'ombe lakini sikuona ng'ombe. Mto haukuja. Elifuraha alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulitisha kuliko kilio. Mama akawa anamgusa mguu kila baada ya hatua chache, anakazana, anamgusa tena.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya barabara. Si mzee, wa makamo, amejitanda mtandio, kama mtu anayemsubiri mwenzake.

"Mnampeleka wapi mtoto huyo?" alituuliza kwa Kimeru.

"Hospitali."

"Hii ni njia ya Kisongo. Hospitali mmeipa mgongo." Hakucheka. "Rudini. Mkifika penye mringaringa mkubwa, shikeni njia inayopita chini yake. Kuna kisima chenye jiwe la bapa. Mloweshe mtoto midomo. Kutoka hapo mtausikia mto."

"Mwamkie," mama aliniambia. Nikasema shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alinitazama sana, akatabasamu, na meno yake yalikuwa ya kahawia kama yangu. Manyunyu yalikuwa yanatutiririka usoni, lakini mtandio wake ulikuwa mkavu, kama umeanuliwa juani sasa hivi.

Mringaringa tuliukuta, mkubwa, maua yake meupe yametapakaa njiani. Kisima tulikikuta. Mama alichovya ncha ya kanga akamkamulia Elifuraha midomoni, naye akameza. Tukausikia mto.

Hospitalini, dresa aliyempokea alimchoma sindano, akasema tungechelewa kidogo asingekuwa na la kufanya. Baadaye akauliza tumepitia wapi. Mama alipoutaja mringaringa, yule bwana akamtazama.

"Mti huo nausikia kwa wazee tu, mama. Mjerumani aliukata akitafuta mbao. Na kisima walikifukia walipopanua barabara."

Tulipotoka, ukungu ulikuwa umeondoka. Mama alitazama juu akapiga yowe. Mlima ulikuwa upande usio wake. "Umegeuka!" alisema, akanivuta nyuma yake, kana kwamba ungetuangukia. Tangu siku hiyo hakuutaja tena mti ule, na mimi sikuuliza.

Labda ndiyo maana sijatulia. Nimehama miji mpaka ndugu wameacha kuniuliza anwani. Kila nifikapo nauliza njia kwa mtu, hata kibao kikiwa mbele yangu. Elifuraha, ambaye sasa ni dereva wa lori mwenye kitambi, hunicheka: "Dada, mti gani tena? Ulikuwa na njaa wewe!"

Masika haya nilikuja Arusha kumtembelea. Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa njia ya Kisongo nikisubiri gari, binti mmoja akanijia, mtoto mgongoni, kimya.

"Samahani mama, hospitali ni wapi?"

"Umeipa mgongo," nikasema. "Rudi. Ukifika penye mringaringa mkubwa, shika njia inayopita chini yake..." Nikamwambia na kisima. Akashukuru, ukungu ukamfunika, ndipo nikagutuka. Mringaringa gani? Pale pana kituo cha mafuta. Nimempoteza mtoto wa watu!

Nikakimbia kwa kadiri mwili huu unavyokimbia. Nilimkuta kwenye benchi la hospitali, mtoto wake ndani kwa nesi analia kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu, nilikuelekeza vibaya."

Akashangaa. "Mbona nimefika, mama? Mti ule mkubwa, si ndio?" Akanionyesha ncha ya kanga yake, imelowa. "Maji ya kile kisima, lo, baridi!"

Nilijishika mtandio. Nilikuwa nimenyeshewa tangu alfajiri. Ulikuwa mkavu.

Enzi zetu vibao vilikuwa vichache na watu wa kuuliza wengi. Leo vibao vimejaa kila kona, na kijana yuko radhi apotee kutwa kuliko aonekane mgeni. Elifuraha ameniuliza tena nitatulia lini. Nimemwambia nimepata chumba, njia ya Kisongo. Masika ukungu hushuka, na lazima awepo mtu wa kuulizwa.